Kwa Nini Léon Hajibu Barua Zako

Kikula, Likasi
tarehe 10 Novemba 1974

Mpendwa shemeji Philippe,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Liège? Mama yenu Suzanne anakuulizia kila Jumapili akitoka misa. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Berthe wetu amepata komunyo ya kwanza, na mvua imeanza vizuri.

Barua hii nimempa Mama Mtawa Claire aibebe mkononi, maana za posta zinafunguliwa, na majina ya Kikristo serikali imeyakataza. Ndiyo sababu nakuita kwa jina lako la ubatizo bila woga.

Umemwandikia kaka yako Léon mara nyingi, ukiuliza kama nafasi yako ya ualimu katika chuo cha muziki bado ipo. Barua anazisoma, anazikunja, anaziweka ndani ya Biblia. Hajibu. Nimeona afadhali nikuambie mimi. Kaa chini, shemeji.

Unakumbuka chuo ulivyokiacha: vyumba vya nyuma ya parokia, harmoniamu, tarumbeta za zamani, na Léon akigonga meza kwa fimbo kuhesabu mapigo. Mwaka 1971, serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, tuliambiwa chuo chetu nacho kitakuwa tawi lake. Tulifurahi hata tukachinja mbuzi. Watoto wa wafanyakazi wa migodi wangepata diploma ya muziki hapa hapa Likasi! Léon alishonesha koti jipya.

Diploma hazikuja. Alikuja mkurugenzi kutoka mji mkuu, na masomo yakageuka kuwa kucheza na kuimba sifa za chama, kutwa nzima uwanjani, juani. Léon alivumilia. Alisema mtoto akijifunza kushika sauti yake katika kwaya, hata kwa wimbo wa chama, amejifunza.

Mwezi wa tano mwaka huu, mkurugenzi alitaka wimbo wa misa uimbwe mbele ya wageni wa serikali, jina la Bwana Yesu litolewe, liwekwe la kiongozi. Léon alisimama mbele ya wanafunzi wote, akasema: "Minye siwezi kugeuza ile jina. Mutafute muntu ingine."

Vijana wa chama walimchukua siku ile ile. Alirudi baada ya juma zima, kwa miguu, damu imemkaukia shingoni. Walikuwa wamempiga makofi ya masikio, mikono miwili kwa pamoja, tena na tena. Masikio yakatunga usaha. Siku moja nikiwa namwita ale, akaniambia: "Henriette, sema nguvu."

Nilikuwa napiga kelele, shemeji. Majirani walitoka nje.

Sasa hasikii kitu. Daktari amesema hatasikia tena.

Tawi limefungwa. Lori lilibeba ala zote, wala hakuna aliyetuambia zinakwenda wapi. Wanafunzi wametawanyika, wasichana wengine wanauza chumvi sokoni hapa kwetu, wavulana wameingia kiwandani. Léon analima mihogo upande wa Kamatanda.

Nilimwandikia kwenye kibao cha Berthe, nikamwuliza nikuambie nini. Akajibu kwa sauti kubwa asiyoisikia mwenyewe: "Asirudie huku. Abakie kule, afundishe batoto ba bantu bengine." Usimkasirikie. Alipokwisha kusema alilia.

Basi usimwulize tena habari za chuo. Mwandikie unakula nini, theluji ikoje, umepata mchumba au bado. Hizo atazijibu, naamini.

Mama Suzanne anakubariki. Berthe anakuomba picha. Mungu akulinde ugenini, akulindie na masikio yako.

Jambo moja sijamwambia mtu. Juzi Léon alikuwa mlangoni akichambua maharage. Nikasimama nyuma yake, nikaimba ule wimbo aliotufundisha katika kwaya mwaka aliponichumbia. Niliuimba wote, beti zote, karibu na bega lake. Aliendelea kuchambua maharage.

Ni mimi, mke wa kaka yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Henriette