Kitenge cha Sikukuu ya Somo

Sepuka,
29 Agosti

Kaka Deo,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Wifi Belinda na watoto hawajambo? Vumbi la Itigi linawahurumia mwaka huu? Sisi tunapumua. Alizeti tumevuna magunia manne, nyingine wamekula ndege. Mama anakula vizuri, ila mkono wa kulia bado haunyanyuki tangu kile kiharusi cha mwaka juzi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu ningesema tu hatujambo, kama siku zote. Ndiyo maana nimempa barua hii Gervas, anayekuja huko kununua asali.

Nimechoka, kaka. Namgeuza mama alfajiri, namwogesha, nafua mashuka, namlisha uji kijiko kwa kijiko, naenda shambani, narudi naanza upya. Ulipotaka kumchukua nilikujibu kwamba namweza mwenyewe. Jirani yetu Selina alipoomba anisaidie kufua, nilimwambia apumzike. Ukweli ni kwamba nilipenda kusifiwa. Jumuiya nzima ilisema binti ni Marietha, na mimi nikitoka kanisani nilitembea polepole ili wanione vizuri. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Juzi tulisherehekea somo na msimamizi wa jumuiya yetu, Mtakatifu Monika. Baada ya sala na pilau, mwenyekiti wetu Jenipher alitangaza kwamba wamechanga wakaninunulia kitenge, kwa jinsi ninavyomtunza mama. Wakapiga vigelegele, nikaitwa mbele. Nilikwenda, lakini sikukipokea.

Sasa nikwambie jambo ambalo mpaka siku ile nilikuwa sijamwambia mtu. Jumatatu kabla ya sherehe mama alimwaga uji kwenye shuka nililotoka kufua. Nilimpiga, kaka. Nilimpiga kofi kwenye mkono ule ule uliopooza. Hakulia. Aliniomba msamaha. Mama aliyenizaa aliniomba mimi msamaha!

Hayo ndiyo niliyoyasema mbele ya watu, kitenge kikiwa bado mikononi mwa Jenipher. Nikangoja wanifukuze. Selina akainuka, akasema alipomuuguza mama mkwe wake aliwahi kumfungia ndani kutwa nzima akaenda mnadani, na aibu ilimzuia hata kuungama. Akalia, nikalia. Kabla ya kutawanyika walipangiana zamu za kuja kumwogesha na kumlisha mama. Miaka miwili nilimwomba Mungu nguvu. Hakunipa. Siku ile alinipa kinywa cha kusema sina, na jana nililala usingizi mchana kweupe.

Kitenge walinipa hata hivyo. Nimemfunika mama. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, akanishika kichwa kwa mkono wake mzima, akakaa hivyo mpaka uji ukapoa.

Karatasi ya zamu tumeibandika mlangoni. Wiki ya mwisho ya kila mwezi haina jina, maana nimewakataza wasiijaze. Usinipigie kuniuliza kama nitaweza, nitakujibu naweza. Njoo tu.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Mama anakusalimu. Maneno mengi yamempotea, lakini jina lako bado analitamka sawasawa.

Ni mimi mdogo wako nisiyeweza,
Marietha