Hakumwamkia Mumewe

Jumanne, Kilosa

Hasira bado haijanitoka.

Leo nimempeleka polisi Neema, yule dada tunayemhifadhi kwenye nyumba yetu salama ya wanawake Mikumi, akatoe maelezo dawati la jinsia. Wiki iliyopita mumewe alimpiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono na kumpasua mdomo. Hatujakaa vizuri, mume akaingia na baba yake mdogo.

"Mwamkie mumeo kwanza," mzee akasema, "ndipo tuzungumze."

Shikamoo! Kwa mtu aliyemtoa damu!

Neema akamtazama mumewe. "Mdomo wenyewe umeupasua. Subiri upone."

Mume akamrukia palepale, mbele ya askari. Akamkaba koo, akambamiza ukutani, mkono uliovunjika, wenye hogo la plasta, ukabanwa katikati yao. Ule ukelele… Nilimng'ata yule mwanaume kidole mpaka nikahisi mfupa. Ndipo askari wakamtia pingu. Mzee akainamisha kichwa.

Naogopa atapata dhamana. Atamtafuta.

Tulipotoka, bibi mmoja alikuwa anafagia uwanja. Neema akasimama, akapiga goti kidogo, damu mbichi kidevuni.

"Shikamoo, bibi," akasema, wazi kabisa.