Hatua za Kupanda, Hatua za Kushuka

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu

Matone matatu kwa jicho la kushoto, kama kila asubuhi. Papa anakunja uso kabla tone halijaanguka, halafu ananigombeza kwamba nimemwaga dawa. Chai. Viazi vya jana. Mashini yangu, kompyuta ya zamani niliyotoka nayo masomoni, iko kwa kinyozi kando ya barabara, inachajiwa.

Jicho la kuume lilikufa mwaka uliopita. La kushoto linaona kama kupitia bomba jembamba: mbele tu, kando giza. Operesheni ni tarehe 25, Goma. Muganga hakutudanganya. Inaweza kuokoa kile kilichobaki, inaweza pia kukimaliza.

Papa hakulia. Alisema tu: "Mapendo, ningeona Nyamitaba mara moja, kisha wafanye vile wanataka."

Barabara ya kupanda kule kijijini kwetu haipitiki. Picha hatuna hata moja, tulikimbia na nguo za mwilini tu. Basi nitamutengenezea mulima ndani ya mashini. Siku ishirini na tatu. Ninaogopa, na nimekwisha kumwambia ndiyo.

Jumatano, tarehe 4

Nimeandika msingi leo. Nukta: namba tatu, kusema uko wapi. Vekta: namba tatu pia, lakini kusema unaenda namna gani na umbali gani. Nukta ukiiongezea vekta, unafika kwa nukta ingine. Nukta ukiitoa kwa nukta ingine, unapata vekta ya kutoka huku kwenda kule. Nukta kuongeza nukta, programu inakataa. Ni haki yake. Nyamitaba kuongeza Bweremana, hapa tunapoishi sasa, inatoa nini?

Nilimuelezea Papa. Akacheka. "Mumeenda kusomea ile miaka yote kuhesabu hatua?"

Yeye njo mwenye kuhesabu. Alilima ule mulima miaka arobaini, alichimba mifereji ya kuzuia udongo usiteremuke, anajua kila kitu kwa hatua. Mulango ni sifuri. Kisima, zizi la mbuzi, muti wa avoka, mupaka wa shamba la maharagi. Kwa mwinamo analaza mukono juu ya meza, kiwiko chini, vidole juu, anauinua kidogo kidogo mupaka anasema "hapa". Ninapima pembe ya mukono wake na raporteri ya shule. Kipimo cha namna hiyo sikufundishwa na profesa yeyote. Ninamupenda huyu muzee.

Ijumaa, tarehe 6

Tumezunguka mupaka wote wa shamba, yeye akisema, mimi nikiandika. Kutoka mulango, kupanda upande wa zizi, kupita juu, kushuka upande wa mihogo, kurudi mulangoni. Vekta ishirini na sita. Ukizijumlisha zote inafaa upate sifuri, maana umerudi nyumbani.

Sikupata sifuri. Mulango wa kutokea na mulango wa kurudia inaachana hatua thelathini na moja. Nyumba iko mara mbili juu ya mulima mumoja.

Jumapili, tarehe 8

Nimeandika upya kujumlisha. Nimeandika upya kutoa. Nimejaribu na namba za mutoto, moja, mbili, tatu. Zote sawa. Nimekosa ibada kwa ajili ya hii takataka.

Muchana nilimwambia Papa namba zake ni mbaya. Nilisema hivyo, kabisa, na sauti ya juu. Nilisema labda amesahau.

Mboga yake ya sombe hakuigusa. Alienda kuegemea ukuta wa nje, akageuza uso wake upande wa milima ambayo haioni.

Mimi ni mujinga.

Jumatatu, tarehe 9

Mvua. Matone matatu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, tarehe 10

Nilimuomba musamaha. Alisema, "Kamata kamba, twende." Kumbe naye alikuwa anawaza tangu juzi.

Tulienda kwa kile kilima nyuma ya nyumba, mukono wake juu ya bega langu. Kutoka kisiki mupaka uzio wa jirani alihesabu kwa sauti: sitini. Tukageuka, njia ile ile, kisiki kile kile: arobaini na tano.

Nikasimama kama mbuzi aliyeona gari.

Ukipanda, hatua ni fupi, goti linafanya kazi. Ukishuka, mulima unakusukuma, hatua inakuwa ndefu. Muntu yeyote wa milima ya Masisi anajua hivyo hata akiwa usingizini. Mimi nimezoea tambarare ya ziwa, nimetoka kule mutoto, nikachukua kila hatua kuwa sawa na ingine. Namba zake zilikuwa nzima. Programu ilikuwa nzima. Vipimo njo vilikuwa viwili, na sikuuliza.

"Kuuliza si ujinga," Papa akasema, "lakini weye uliogopa." Na akacheka mupaka akakohoa. Nilimukumbatia pale pale njiani, watu wakiangalia.

Alhamisi, tarehe 12

Tulipima hatua zake na kamba, ya kupanda na ya kushuka, kumi kumi. Sasa kila vekta ninaifanya hivi: ninachukua uelekeo, ninaugawa kwa urefu wake wenyewe ubaki moja, halafu ninauzidisha kwa hatua zake, na kila hatua kwa urefu wake wa haki. Nilimurudishia maswali ishirini na sita. Kupanda ao kushuka, Papa? Kupanda ao kushuka?

Mulango umerudi kwa mulango. Inabaki nafasi ya unyayo mumoja. Nilipiga kelele, mama wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji akizani nyumba inaungua. Papa akamwambia: "Hapana, mama. Mutoto amefika nyumbani."

Jumatatu, tarehe 16

Nimefunika mulima na ngozi. Ni pembetatu ndogo ndogo, mia nne na zaidi. Kila moja iko na vekta inayosimama juu yake kama musumari, kuonyesha uso wake unaangalia wapi. Ukiangalia jua, unang'aa. Ukilipa jua mugongo, giza.

Nikawasha jua. Mulima wote mweusi. Mweusi kama chungu.

Misumari yote ilikuwa imeingia ndani ya udongo. Musumari unazaliwa ukizidisha vekta mbili za kando ya pembetatu, na ukianza na ya pili badala ya ya kwanza unazaliwa kichwa chini. Nilibadilisha zamu, mustari mumoja. Jua likatoka Nyamitaba. Nilikaa tu nikiliangalia, chai ikapoa.

Ijumaa, tarehe 20

Nilimuonyesha Papa. Nilikuwa nimevaa hata kitenge kizuri.

Hakuona. Alikaribia, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Lile bomba lake linakamata kipande kimoja tu cha kioo. Aliona majani kijani. Alisema "ni vizuri, mwanangu," na sauti ile ya kushukuru zawadi ambayo haikutoshi.

Nilienda kulia nyuma ya jiko. Siku tano zimebaki.

Jumamosi, tarehe 21

Asubuhi nimeelewa. Si yeye wa kuzungushia mulima macho. Mulima njo uzunguke.

Ni hesabu fupi. Kila nukta inageuka kuzunguka musumari mumoja uliosimama mulangoni, kidogo, kisha kidogo tena. Nimeuleta mulima karibu, nimeinenepesha mistari. Nikamukalisha, jicho mbele ya katikati ya kioo, nikamwambia asitikisike.

Mulima ulianza kupita mbele yake polepole. Halafu: "Kisima." Kidole chake kikagusa kioo. "Zizi. Aka! Mufereji wangu wa tatu! Avoka." Akataja majina ya mbuzi waliokufa zamani. Akasema nimesahau choo, nyumba gani haina choo, wageni watasema nini. Tulicheka mupaka tukapanguza macho.

Ulipozunguka mara ya pili, aliacha kucheka.

"Na mama yako iko wapi?"

Kaburi sikuliweka. Nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki pahali, na Papa hakunipa namba. Nilimwambia hivyo.

"Sikukupa, kweli. Zile hatua sikuwahi kuzihesabu."

Jumatano, tarehe 25

Goma. Wamemuingiza saa tatu. Alinipa kofia yake nimushikie. Nimeishika mupaka imekuwa na jasho. Saa sita wamemutoa. Amelala. Muganga anasema tungojee.

Ijumaa, tarehe 27

Bandeji itatolewa kesho asubuhi. Leo sijui kitu, na leo ninaweza kuishi bila kujua.

Baada ya chai Papa akaomba nimutoe uani. Uwanja wa hospitali, saruji tupu, tambarare. Akanipanga kwenye kizingiti, akasema: "Hapa ni mulango. Andika." Akavaa kofia. Akaachilia bega langu.

Akaanza kutembea. Magoti yamekunjwa kidogo, kisigino mbele, mugongo umerudi nyuma, hatua ndefu. Juu ya saruji tambarare Papa alikuwa anashuka. Nilimufuata, mikono tayari, sikumugusa. Alihesabu chini ya pumzi. Pahali pa muti wa avoka akageuka kushoto, akaenda tena kidogo, akasimama. Akavua kofia.

Wagonjwa waliokaa kwenye jua waligeuka kumuangalia.

"Kumi na nne mupaka avoka," akasema. "Kisha nane. Zote za kushuka."

Nimeziingiza jioni hii, kando ya kitanda chake. Kutoka mulango, vekta mbili, nukta moja: ya mama. Analala, mukono wake uko juu ya goti langu.