Mahali pa Kukata

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na cherehani yako yenye kiburi, bado inakata uzi ukiwa na haraka? Huku tunapumua. Mkwe wako anakusalimu. Siku hizi ananifunga mpaka viatu, maana kwa tumbo hili miguu yangu siioni.

Uliuliza kazini nachungulia nini siku nzima. Bakteria, mama, vijidudu virefu kama punje za mchele. Kila kimoja kikikua hujikata katikati, nasi tunachunguza kinajuaje katikati ni wapi. Wewe hukunja kitambaa ncha kwa ncha, ukapiga chaki. Chenyewe hakina jicho wala akili, ila ndani yake mna protini inayokimbia ncha hii hadi ile, kisha inarudi, haitulii. Nchani inakawia kidogo, na inapokawia hapakatwi. Katikati inapita tu, ndiyo maana pete inayokibana kijidudu hadi kikatike hujifunga hapo, na kila nusu hutoka na fungu lake kamili. Mkuu wa maabara anasema vijidudu hivyo vinakushinda ufundi. Nilimjibu hajaona suruali zako.

Sasa kaa kitako, mama. Nilikwambia mapacha wanaendelea vizuri. Nilikuficha. Daktari alinipima, akamwita mwenzake, wakanong'ona juu ya tumbo langu kana kwamba mimi ni meza. Kisha akaniambia wasichana wangu hawakumaliza kuachana. Wameungana kifuani, na moyo ni mmoja. Nilimuuliza watakatwa wapi. Alisema hapana pa kukata. Popote atakapopitisha kisu, hatabaki mtu. Mkwe wako aliuliza tena, kwa upole, kama anayeomba kupunguziwa bei. Jibu likawa lile lile. Wakizaliwa hai, huenda tukakaa nao siku moja, huenda saa.

Nimerudi kazini. Natazama vijidudu vikijikata sawasawa, nalia mpaka hadubini inapata ukungu. Yote haya nayajua, wala hayanisaidii kitu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hivi ninavyoandika wananipiga mateke, na miguu ni minne.

Ukiweza, njoo. Jirani msalimie, ila usimwambie bado. Na kile kitambaa cha maua ulichonunua kwa ajili ya magauni mawili, usikigawe. Shona gauni moja, pana kifuani, lenye shingo mbili.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako