Nyuzi Zilizokuwa Zikikungoja

Ndugu yangu Melkiori,

Ni mimi, Rama. Usianze kucheka. Najua ulivyokuwa ukisema juu ya mwandiko wangu, kwamba kuku akikanyaga wino anaandika vizuri kunizidi. Lakini karani ulikuwa wewe. Mimi ni fundi wa suruali, na suruali hazisomi. Nimekaa kwenye cherehani, karatasi nimeiweka pale kinapokaa kitambaa, mlango uko wazi, na mtaa wote wa Bwiza unapita mbele yangu na kelele zake. Barua hii nimeianza mara nyingi kichwani. Iliyonishinda ni namna ya kukuita. Watu wanasema "marehemu Melkiori" kama wanaotaja jina la mtaa. Mimi ulimi ulikuwa unakataa. Leo nimeliandika, na mkono haukudondoka.

Nikueleze tulivyobaki. Siku ile walipokuja na gari pale kwenye ghala la kahawa, wakakuita kwa majina yako yote, wakasema ni maswali machache tu, sisi tulikuwa baa tunakungoja kwa mazoezi. Gitaa lako lilikuwa limeegemea ukuta. Nililalamika sana. Nikasema, "Huyu Melkiori amekuwa mukubwa sasa, anatungojesha kama waziri." Watu wakacheka. Hilo ndilo neno langu la mwisho juu yako wakati ambapo, labda, ulikuwa bado hai. Ningejua ningechagua lingine.

Juu ya gari lile sitaandika zaidi. Unajua kuliko mimi, na mimi ni mwoga uleule wa zamani. Wengi walichukuliwa hivyo mwaka ule, na hakuna aliyerudi kutuambia maswali yenyewe yalikuwa gani.

Hata kulia kwa sauti kulikuwa na hatari yake. Mama Odeta, mke wako, alilia kwa kufua. Alifua nguo zilizokuwa safi, akazianika, akazianua, akazifua tena. Baa zilifungwa. Mpiga besi wetu alivuka mpaka kwenda Uvira. Magitaa yote, na lako pia, niliyafunga kwa vitambaa nikayaweka chini ya meza ya kukatia. Mteja akiuliza mafurushi yale marefu ni nini, namwambia ni suruali za mtu mrefu sana, ameenda safari.

Baadaye mwenye baa akafungua tena, Jumapili mchana tu, watu warudi kwao kabla ya giza. Mpiga besi akarudi. Jumaini akatoa ngoma zake mahali alipokuwa amezificha, sitaki kujua ni wapi, zilinuka samaki. Tukawa orkestra tena, ila pale mbele, kwenye mikro yako ya kuimbia, hapakuwa na mtu. Wote wakaniangalia. Mimi, Melkiori! Mimi ambaye kazi yangu miaka yote ilikuwa kusindikiza nyuma yako, tik-tik, tik-tik, kama saa ya ukutani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilinganisha nyuzi. Piano hatukuwa nayo. Ulifumba macho, ukashusha pumzi, ukaguna ule mguno wako, mmm, chini kabisa, pale sauti yako ilipokaa vizuri baada ya kula. Sisi tukakaza uzi mnene mpaka ufike pale, halafu nyingine zote zikafuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Tuliiamini kama watu wengine wanavyoamini redio. Unakumbuka yule mzee wa akodioni, kutoka Buyenzi? Kila akibonyeza, tunakunja nyuso. Ukamwambia kwa heshima zote, "Apana, baba, chombo chako kimeharibika, peleka kwa fundi." Maskini akapeleka. Akarudi, bado kimeharibika. Tukamwonea huruma, tukamnunulia soda, tukamrudisha kwao.

Sasa bila wewe, tutalinganisha na nini? Na sikio langu. Usinisifu. Mimi nasahau kiuno cha mteja kabla hajatoka mlangoni, lakini mguno ule sikuusahau. Nilifumba macho nikausikia hapa, nyuma ya sikio la kulia, karibu kama mtu anayesoma juu ya bega langu. Mwanzoni nilifurahi. Nilisema, angalau hiki hawakukichukua.

Halafu ukaanza kuja bila kuitwa. Nakanyaga cherehani, mmm. Natia uzi kwenye sindano, mmm. Mara moja nilikuwa nimepiga magoti napima suruali ya bwana mmoja mnene wa posta, ukaguna nyuma yangu, nikageuka ghafla na pini mdomoni. Bwana yule akasema, "Samahani, fundi, sijala tangu asubuhi." Nilicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Jumapili nilikuwa naimba nyimbo zako pale ulipoziacha, chini kule. Sauti yangu unaijua, ya mbuzi aliyefungiwa. Yale maneno ya chini yalikuwa yananitoka hewa tupu. Basi nikawa nachezesha midomo tu, naacha nafasi. Na wachezaji walikuwa wanasimama pale pale kwenye nafasi, mikono bado viunoni mwa wenzao, wanaangalia mikro. Jumaini aliniapia, "Mi nimemusikia, Rama. Wallahi nimemusikia." Sikumbishia. Nilikuwa nimekuachia mahali, na mahali pakiachwa wazi hivyo mtu anaweza kuingia.

Ndipo akaja Paskali. Huyu hukumjua. Ametoka Bukavu, alikimbia na saksofoni imefungwa ndani ya kitenge cha mke wake, mgongoni, kama mtoto. Watu njiani walikuwa wanamwuliza mtoto ana umri gani. Anapiga, Melkiori, we! Ungemwonea wivu ukasema anapuliza mno. Siku ya kwanza ya mazoezi alipuliza, akaacha. Akavuta mdomo wa chombo nje, akapuliza, akaacha. Akavuta mpaka ukakaribia kudondoka.

"Mukubwa Rama," akaniambia, "ninyi muko kati ya mulango. Hamuko ndani, hamuko inje. Pandisheni nyuzi kidogo tu, tukutane."

Nikasema, "Apana. Hii ni stili yetu."

Jumaini akadakia, "Stili gani hii, mutu anaimba kama anazama majini?"

"Basi mumwambie Melkiori akirudi," nikasema.

Mpiga besi akaanza kufuta besi yake, na ilikuwa safi. Nilikuwa sijui kama nimewahi kufikiri hivyo mpaka nilipojisikia nikisema. Lakini ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Kama siku moja ungekuja unatembea, umekonda, kutoka upande wa Kibenga au upande wowote ule waliokupeleka, ungetujuaje? Nyumba zimepakwa rangi nyingine. Majirani wamehama au wamehamishwa. Nyuzi tu ndizo zilizokuwa mahali ulipoziacha. Nikizipandisha, nani atakuonyesha njia?

Paskali alivumilia. Alisema ataona, na kama hatutapandisha, atatafuta orkestra nyingine, maana ana mke na hana nyumba. Mwenye baa naye akanivuta pembeni. "Rama, watu wanakuja hapa kucheza, apana kukaa matanga. Wakianza kwenda kwa jirani, na mimi nitaleta bendi ya jirani." Mke wangu akaniuliza nitaacha lini kuoa mtu aliyekufa. Nikakasirika, nikalala bila kula, nikaamka nikala vya wote. Melkiori, muziki ndio kitu pekee nilichojichagulia maishani. Suruali nilirithi kwa baba. Nilikuwa karibu kuupoteza kwa ajili yako, na nilijiona shujaa.

Ndipo Mama Odeta alipokuja dukani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, na nguo yake nyeusi ambayo jua limeigeuza kahawia. Akaniambia ataganduka. Mimi Mwislamu wa Bwiza, nilikuwa nimekusomea Fatiha kimoyomoyo zamani, kama hukuitaka utaniambia. Lakini kwenu najua kuganduka ni nini: watu wanakusanyika, wanakunywa pombe pamoja, wazee wanasema, mjane anavua nyeusi, na nyumba inaruhusiwa kuimba tena. Kaka yake alikuwa amekataa. Alisema mtu anamaliza vipi matanga ya mtu ambaye hakuzikwa? Mama Odeta akamjibu kwamba waliomnyima maiti wasimnyime na hilo.

Nilidhani amekuja kutualika tupige. Alikuja kwa jambo lingine.

"Shemeji," akasema, "nitakuambia kitu, usinicheke. Kila Siku ya Mungu mukianza kupiga pale baa, mi nasimama. Miguu inasimama yenyewe. Naenda kuweka maharage yake kwa moto. Nikisikia ile sauti yenu ya chini, najua dansi ikiisha, anakuja. Odeta ananiambia, mama, zima moto. Mi namwambia, ngoja, baba yako yuko njiani." Akakunja pindo la nguo yake kama anayetafuta pale iliposhonwa. "Shemeji, nimechoka kusimama. Mupige kingine. Ao mukapige mbali."

Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwangu. Niliushika ncha zote mbili kama mtu anayezuia kichwa kisianguke. Kumbe wakati wote mimi najisifu kwamba nakulindia mahali pako, nilikuwa namsimamisha mkeo kila Jumapili kumpashia chakula mtu asiyekuja.

Alitaka nguo ya manjano ya kuvaa siku hiyo. Nikamshonea mwenyewe, gauni la kwanza la maisha yangu. Mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Aliangalia, akasema, "Hii ni ya mutu anayepunga mukono," akalivaa hivyohivyo.

Uani kwako palijaa. Wazee walisema yao, kwa sauti ya chini, huku wakiangalia mlango wa uzio, unajua kwa nini. Kaka yake alikuja mwishoni, akanywa. Mama Odeta akaingia ndani na nyeusi, akatoka na manjano, na watu wakatoa ile pumzi waliyokuwa wameizuia. Wakatuita.

Paskali akapuliza sauti moja, akaishikilia. Nikaanza na uzi mnene. Nilipokaza, wewe ukaguna nyuma ya sikio langu, pale pale, mmm. Uzi ukapanda, wewe ukabaki. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho. Kwa muda mfupi niliwasikia nyote wawili, uzi na wewe, mnasuguana, sauti mbaya ajabu, meno yaliniuma. Jumaini aliinamisha kichwa. Nilitaka kurudisha. Nikamwona Mama Odeta kwenye kundi la wanawake, magoti yake yamekaza, mguu mmoja umeshainuka kisigino, tayari kwenda jikoni.

Nikakaza.

Uzi ukaifikia saksofoni, na ule msuguano ukakatika, kama mlango uliofungwa taratibu na mtu mwenye adabu. Mpiga besi akafuata. Kwa mara ya kwanza tulikuwa ndani. Na nikuambie: yule mzee wa akodioni, Melkiori, tulimwonea bure.

Niliimba ule wimbo uliomtungia mkeo alipokuwa bado binti anauza sabuni sokoni. Niliuimba juu, kwenye sauti yangu mwenyewe ya mbuzi, na maneno yote yakatoka, hata yale ambayo watu walikuwa hawajayasikia tangu uondoke. Kisigino cha Mama Odeta kikashuka. Akasimama kidogo hivi, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Halafu akacheza. Alicheza peke yake, analia, mkono wake mrefu na mkono wake mfupi, mpaka kaka yake akaweka bilauri chini akaenda kucheza naye.

Katikati ya wimbo niligeuka nyuma. Sikusikia kitu, na ndiyo sababu niligeuka. Hapakuwa na mtu begani kwangu. Upepo tu kutoka ziwani, na shati langu lililolowa mgongoni.

Paskali amebaki. Tunapiga Jumapili, na watu wanacheza wimbo mzima bila kusimama. Sitakudanganya kwamba umekwenda kabisa. Asubuhi zenye unyevu nyuzi zinalegea, na uzi mnene ukilegea najua unapenda kuishia wapi. Siusikilizi mara ya pili. Nakaza.

Kaburi la kuiweka barua hii sina. Nitaishona ndani ya bitana ya koti langu la dansi, upande wa moyo, mshono wa mkono, usiojitokeza. Kazi hiyo naiweza.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala popote walipokulaza, na kama hawakukulaza vizuri, Mungu akugeuze ubavu. Nyimbo zako nitaziimba mpaka meno yaishe. Lakini sitakuita tena, na mahali pako kwenye wimbo sitapaacha wazi. Jumapili nitapanda juu, juu kabisa, watu wanicheke wakitaka, ili Mama Odeta akisikia kutoka nyumbani asiinuke, ajue ni mimi tu.

Rama wako