Sipiyu Yako Imewaka, Baba Bhoke

Baba Bhoke mpendwa,

Habari za huko sikuulizi, maana tangu uondoke hujawahi kunijibu. Nakuandikia kukwambia kwamba Jumapili, baada ya ibada, tuliifungua sipiyu yako, lile boksi la kompyuta. Ile ile ya dukani. Imekaa chini ya kitanda changu hapa Mugumu miaka yote hii, imefunikwa kanga, na kila mgeni akinishauri niitupe. Sikuitupa. Ubishi wangu unaujua.

Sababu ni binti yako. Bhoke anaolewa, na ameomba kitu kimoja tu: picha yako ukiwa naye, aiweke mezani siku ya sendofu, tukimuaga. Kile kifua kilipokuchukua alikuwa hajaanza hata kutembea vizuri, kwa hiyo wewe kwake ni hadithi za watu. Picha za karatasi tulizokuwa nazo zililoa mwaka ule upepo ulipoezua paa. Nikamwambia asijali, nyingine zimo kwenye kompyuta ya baba yake. Nilisema kwa kujiamini, halafu nikaingia chumbani nikaogopa, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa haiwaki. Fundi wa mjini alisema diski yako ni ya kizamani, hana waya wa kuiunganisha kwenye mashine zake. Ama tuiwashe hiyo hiyo, ama tusahau.

Basi nikaanza kukukumbuka kikazi. Duka letu la Nyamongo, mkabala na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Wewe unapiga picha za pasipoti na kutengeneza mashine za watu, mimi nachapa barua. Karasha likiwashwa, taa zinafifia. Likizimwa, umeme unarudi kwa kishindo. Haupiti muda, mtu anaingia na sipiyu begani: "Fundi, mazabodi imekufa." Wote walikuja na jibu tayari. Wewe ulikuwa na neno moja tu: "Anza na ukuta." Kwanza soketi, uchomeke taa ya meza uone. Kisha waya. Kisha pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani. Ule ubao mkuu wa ndani, hiyo mazabodi yao, uliushuku mwisho kabisa. Nilikutania kwamba ungekuwa hakimu, wezi wote wa ng'ombe wa Tarime wangelala kwao.

Na watu walikuwa wamechanganyikiwa na dhahabu, wewe. Hata mchanga wa kwenye mabuti ulioshwa. Jirani yetu aliomba vumbi ulilolipuliza kutoka ndani ya kompyuta, akalibeba kwenye kopo kwa heshima zote. Lakini aliyetuvunja mbavu ni mdogo wako Mwita. Alikuja kututembelea kutoka shimoni, akaona ile RAM uliyoiacha mezani, kile kipande chembamba cha kumbukumbu chenye meno ya njano yanayong'aa. Tulipotoka kwenda kula akachukua wembe, akayakwangua meno yote, akayaosha kwenye karai na zebaki ili inase dhahabu, kama anavyoosha mawe yake. Tuliporudi alikuwa amechuchumaa, jasho linamtoka. "Kaka, mbona haishiki?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaichomeka RAM yenyewe, mashine ikalia pii, pii, pii, na kicheko kikakuisha. "We mura," ulimwambia, "hiyo dhahabu haikuwa ya kuchimba. Ilikuwa kazini." Kesho yake ulienda Sirari kutafuta nyingine.

Huyo huyo Mwita ndiye aliyekuja Jumapili na bisibisi na tochi. Ana mvi siku hizi. Alipofungua kifuniko aliinama akasema, "Shikamoo kaka." Nikamkemea asinilize kabla ya kazi.

Tulianza na ukuta. Soketi ilikuwa nzima. Tukabadilisha waya, bado haiwaki. Nikaitoa pawa saplai, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili iwake peke yake, kama ulivyonionyesha. Feni haikugeuka. Nikapiga kigelegele.

"Mama, imekufa na wewe unafurahi?" Bhoke akashangaa.

"Iliyokufa ni pawa saplai," nikamwambia. "Mazabodi bado hatujamfikia."

Mwita akaenda kwa fundi redio wa sokoni, akarudi na pawa saplai ya mashine iliyokwisha kuchunwa. Tukaifunga. Feni ikazunguka, lakini monita ikabaki nyeusi. Halafu: pii, pii, pii.

Mwita akanitazama. "Shemeji, huo mlio naujua mimi." Akaichomoa RAM, akainua mikono tuone haina wembe. "Safari hii sikwangui." Akayasugua yale meno kwa kifutio cha mwanafunzi, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Mimi nilikuwa namulika ubao. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, karibu kufa. Nikamwomba Mungu zituvumilie kidogo tu.

Ikawaka, Baba Bhoke. Betri ya saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo yenyewe ilidhani tuko mwaka ambao mimi na wewe hata hatujajuana. Nikabonyeza kitufe ikaendelea.

Picha zilikuwepo zote. Wachimbaji kwa mamia mbele ya kile kitambaa cha bluu, mimi na mimba, mimi na mtoto, mimi nimekasirika. Wewe hukuwemo hata katika moja. Bhoke alifungua, akafunga, akafungua nyingine. Mpiga picha ni wewe, nani angekupiga?

Halafu akafika kwenye moja yake mwenyewe. Unakumbuka watoto ulivyokuwa ukiwapiga? Mkono wa kushoto unamshikilia, wa kulia kamera, kisha unaukata ule mkono kwenye kompyuta. Hii hukuwahi kuikata. Yuko Bhoke amekodoa macho, na chini ya kwapa lake kuna mkono wako wote hadi kwenye kiwiko, na kidole gumba chenye kovu uliloachiwa na chuma cha kulehemu. Nikamwonyesha kovu. Akaligusa kwenye kioo.

Tuliziweka picha kwenye flashi. Muda si mrefu tukasikia harufu ya kuungua, mashine ikazima. Mwita akainuka kwenda kwenye soketi. Nikamwambia akae. Huku tumeshapita kote. Sasa ni mazabodi kweli, na kazi yake ameimaliza.

Jana tulienda kuisafishisha hiyo picha. Kijana wa studio akaikuza picha, akatutazama kwa adabu. "Mama, huu mkono tunaukata, si ndiyo?"

Bhoke alinitangulia. "Kata mimi ukitaka," akasema. "Huyo ni baba."

Sendofu ni Jumamosi. Kiti cha pembeni yake ni chako, na mimi nitakaa jirani nikuangalie. Pumzika, fundi wangu.

Ni mimi, mchapaji wako,
Mama Bhoke