Tanuri la Bwana Salim

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu asubuhi

Mke wangu mpendwa, Mama Anaeli,

Pokea salamu zangu nyingi, na mtoto umbebe kidogo kwa niaba yangu. Je, kikohozi chake kimekwisha? Na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu juzi moyo haujatulia, na sababu yake ni nyama ya nguruwe. Usicheke kwanza.

Nilikwisha kukueleza kwamba Bwana Salim, Mwarabu wa Kishihiri, mwokaji mikate mwenye nyumba hii, amekubali kunipa chumba cha pili ili uje na mtoto. Alikubali kwa shida. Uani tunapika pamoja sote, na mkewe, Bi Shekha, aliniuliza waziwazi, "Nyinyi wa Kilimanjaro si mnakula nguruwe?" Nikamjibu tunakula, lakini humu nguruwe hataingia. Akasema ataniangalia.

Basi Memsahibu wangu alikuwa anamngojea dada yake anayeishi Amerika. Kumbe huko bega la nguruwe huokwa taratibu kutwa nzima mpaka nyama iachane na mfupa, kisha huchambuliwa kwa uma, nyuzi nyuzi. Akataka dada alikute mezani jioni ya kufika. Mpishi aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya keki iliyobonyea, kwa hiyo nilijua ninachochezea. Nikikosa kazi, hakuna chumba, na wewe huji.

Ijumaa nikalipaka bega chumvi, sukari, pilipili manga na haradali, nikalilaza kwenye sanduku la barafu. Jumamosi asubuhi Memsahibu akaenda bandarini, mimi nikawasha jiko. Moshi ukatoka kwenye oveni. Kuchungulia, ukuta wake wa chuma umepasuka, na joto lote linapotea.

Hapo nikakumbuka tanuri la Bwana Salim. Mikate ya asubuhi ikishatoka, hubaki na joto la kadiri mpaka jioni, joto lile lile nililolitaka. Na keki za Memsahibu nimeoka mle mara nyingi. Nikalitia bega kwenye sufuria, nikaifunika, nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikapanda baisikeli. Nilipotoka nilijiambia nitamweleza ukweli. Nilipofika Mnazi Mmoja nikajiambia sufuria ina kifuniko, nani atajua.

"Karibu, mpishi," akasema Bwana Salim. "Leo keki ya nani tena?" Hakungoja jibu. Alifungua mlango wa tanuri, akanyoosha mikono yote miwili anipokee.

Nakwambia kweli, mke wangu, nilitaka kunyamaza. Nilikuona wewe na mtoto mkishuka melini, nikaona kunyamaza ni kazi ndogo tu. Lakini mikono yake ilikuwa imeshanifikia, ina unga mpaka kwenye viwiko. Nikarudi nyuma.

"Usiishike, Bwana Salim. Ni nguruwe."

Vijana wake wakaacha kukanda. Bwana Salim akaitazama mikono yake, kisha akafunga mlango wa tanuri.

"Na umemleta mpaka hapa?"

"Nimekosa. Oveni ya Memsahibu imepasuka, akili nyingine sikuwa nayo."

"Mtoe." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikarudi Uzunguni kwa Memsahibu. Nikachimba udongo bustanini, nikauchanganya na majivu, nikaukandika ule ufa kama tunavyokandika mafiga nyumbani. Kutwa nzima nilikaa mbele ya lile jiko, nikiongeza mkaa kidogo kidogo na kuulinda ule udongo usidondoke. Wageni walipofika nilichoma uma kwenye bega, ukagoma. Memsahibu akachungulia, akaitazama saa, akaondoka. Taa zilipowashwa nikachoma tena, na mara hii mfupa ukachomoka mweupe mkononi mwangu. Nikaichambua nyama kwa uma mbili, nikairudishia mchuzi wake na siki kidogo. Dada mtu aliomba sahani ya pili.

Memsahibu alifurahi, akanifungia iliyobaki nije nayo nyumbani. Nyumbani! Nilimshukuru, nikampa mlinzi, Mkristo mwenzetu, nikaoga kwa limau mpaka ngozi ikawasha.

Jana ilikuwa siku mbaya. Kila asubuhi Bi Shekha huniwekea mkate dirishani. Jana hakuweka. Nilipotoka uani wanawake waliacha kuzungumza. Nilitoka kanisani nikaanza kukunja nguo zangu, maana niliona heri nihame kabla sijafukuzwa.

Leo alfajiri Bwana Salim amebisha hodi. Hakutaka kukaa. Aliziona nguo kitandani, akazitazama, akauliza, "Mkeo anakuja lini?"

"Kama bado unaturuhusu, Bwana Salim."

"Nimekuuliza lini."

"Mwezi ujao, kwa meli ya Tanga."

"Mwandikie asibebe vyungu vya kwenu, wala miiko. Bi Shekha atakwenda sokoni kumnunulia vipya." Akaenda zake kwenye mikate yake, nami nikakaa juu ya zile nguo nikalia kama mtoto.

Nisalimie baba mkwe, na shemeji anayechunga mbuzi wetu, na mwalimu anayekusomea barua hii, ambaye sasa anajua mengi mno. Mwambie mama nitamtumia dawa ya mguu.

Chungu alichokupa mama siku ya harusi, najua hukiachi hata ukienda msibani. Safari hii mrudishie mama, uje mikono mitupu.

Mumeo akungojaye,
Elia